Namna ya Kuandika Onyesho la Utambuzi

Onyesho la utambuzi ni lile ambalo mhusika anang'amua kwamba mtu aliye mbele yake siye aliyemdhania: mpangaji ni ndugu yake, shahidi ni mwanawe, au yeye mwenyewe siye aliyejiona kuwa miaka yote. Ni onyesho gumu, na mara nyingi huharibika kwa namna ileile: mwandishi analigeuza tangazo. Mmoja anasema "ni mimi", mwingine anaangua kilio, sura inafungwa. Msomaji amepata habari, basi.

Uzito wa onyesho hili umo kichwani mwa anayetambua. Anayo kumbukumbu ya mtu fulani. Mbele yake upo mwili, sauti na mwenendo. Viwili hivyo havikubaliani sawasawa, na ili vikubaliane hana budi kuachana na jambo aliloliamini, aghalabu jambo linalomhusu yeye mwenyewe. Ukishalijua jambo hilo ni lipi, maamuzi mengine yote hupata pa kuegemea.

Tutumie mfano mmoja. Salma, miaka 39, anapangisha chumba kimoja cha nyumba yake. Mpangaji mpya ni mwanamume wa miaka 36 anayejiita kwa jina lisilo lake. Ni Idi, mdogo wake, aliyetoroka nyumbani akiwa na miaka 14 baada ya kulaumiwa kwamba aliacha mlango wazi usiku walioingia wezi. Imepita miaka 22. Ambalo Salma hajawahi kumwambia mtu ni kwamba aliyerudi nyumbani mwisho usiku ule alikuwa yeye.

Anza na gharama

Kabla hujafikiria kovu, pete wala barua, kamilisha sentensi hii kwa maandishi: "Akikubali kwamba huyu ni Fulani, hataweza tena kuamini kwamba..." Ukishindwa kuijaza, ulicho nacho ni watu wawili kukutana, si utambuzi. Ukiijaza kwa "ndugu yake amekufa", bado ni hafifu, maana kuiacha imani hiyo ni furaha tupu. Kwa Salma inajazwa hivi: hataweza tena kuamini kwamba kosa lilikuwa la mtoto. Akimtambua Idi, anajitambua na yeye.

Sentensi hiyo inakusaidia pia kulijibu swali ambalo kila msomaji atauliza: mtu ataishije wiki sita na nduguye, kama Salma na Idi, asimjue? "Amebadilika sana" ni jibu la mwandishi aliyebanwa. "Kumjua kunamgharimu" ni jibu linalotoka ndani ya hadithi, na linakuruhusu kumwonyesha Salma akiikwepa dalili ambayo msomaji ameshaiona.

Kuchagua dalili

Katika Poetics, kitabu chake kuhusu utunzi, mwanafalsafa wa Kigiriki Aristotle alizipanga njia za utambuzi kwa ubora. Dalili za mwilini na vitu vya kubeba, kama makovu na mikufu, aliziweka chini, akisema watunzi huzikimbilia kwa kukosa ubunifu. Hazikumpendeza pia zile ambazo mtunzi anamfanya mhusika ajitaje tu. Juu ya hizo aliweka kumbukumbu inayoamshwa na kitu kinachoonekana au kusikika, halafu kukata shauri kwa hoja. Ya juu kabisa ni utambuzi unaotokana na matukio yenyewe, kama kwa Oedipus, mfalme wa tamthilia ya Kigiriki aliyemuua babake na kumwoa mamake bila kujua: mjumbe anakuja kumwondolea mfalme hofu, na maneno yake ya faraja ndiyo yanayofungua siri inayomwangamiza.

Mpangilio huo ni wa zaidi ya miaka 2,300, na bado unafaa. Ila usidhani kovu ni haramu. Odyssey, utenzi wa kale wa Kigiriki wa Homer, ina kovu na ina kitanda, na kuviweka pamoja kunafundisha. Yaya anamwosha miguu mzee ombaomba, anagusa kovu, anamjua Odysseus, bwana wake aliyerudi nyumbani kwa siri. Kovu hilo lingeweza kuonwa na yeyote. Penelope, mkewe, anataka zaidi. Anaagiza kitanda cha ndoa kitolewe nje ya chumba. Mume anaghadhibika: kitanda hicho alikijenga mwenyewe juu ya mzeituni wenye mizizi ardhini, nani amekikata? Hasira hiyo ndiyo inayomthibitisha. Dalili imetegwa, imetoka kwa mtu bila yeye kujipanga, na inawahusu watu wawili tu.

Kesi ya Martin Guerre inaonyesha dalili dhaifu zinakoishia. Mwaka 1556 mtu alifika Artigat, kusini mwa Ufaransa, akidai kuwa Martin aliyeondoka kijijini mwaka 1548. Alijua mambo ya familia kiasi cha kukubaliwa na mke na jamaa, akaishi nao miaka kadhaa. Shauri lilipofika Toulouse mwaka 1560, mashahidi waligawanyika. Wengine walitaja makovu na alama, fundi viatu akasema mguu wa huyu ni mdogo kuliko ule aliozoea kuupimia. Hatimaye Martin wa kweli akatokea mahakamani na mguu wa mti, na yule mwingine akanyongwa. Habari za familia zinaweza kukaririwa. Ukiandika mhusika anayetambulika kwa sababu tu "anajua jina la paka wetu wa utotoni", msomaji makini atajiuliza ni nani aliyemsimulia.

Kwa hiyo itafute dalili inayotendwa, si inayobebwa tu. Inayojulikana na wachache. Na iliyozaliwa na jeraha lilelile linaloijaza sentensi yako ya gharama. Sharti hili la mwisho ndilo linalosahauliwa zaidi. Idi, baada ya kulaumiwa, alianza kufunga kitasa kisha kuuvuta mlango mara mbili kuhakikisha. Salma alisikia sauti hiyo kila usiku kwa majuma machache kabla mtoto hajatoroka. Mpangaji naye hufunga hivyo. Dalili inamtaja Idi, na papo hapo inamshitaki Salma.

Kumbukumbu hufanyaje kazi

Hapa ndipo maonyesho mengi yanapochechemea, kwa kuwa waandishi huichukulia kumbukumbu kama picha iliyohifadhiwa kabatini. Mwaka 1975 mwanasaikolojia Harry Bahrick na wenzake walichapisha utafiti wa watu 392 waliomaliza shule ya sekondari Marekani kwa miaka tofauti. Hata waliomaliza zaidi ya miaka 30 nyuma waliweza kutambua takriban asilimia 90 ya nyuso za wanafunzi wenzao kwenye picha. Kuyataja majina bila kusaidiwa kulikuwa kugumu zaidi sana. Kwa mwandishi, maana yake ni kwamba hisia ya "ninamjua huyu" hutangulia jina, wakati mwingine kwa mbali. Mhusika anayemwona mtu na papo hapo kulitamka jina lake kamili amekimbizwa na mwandishi.

Lakini zile zilikuwa picha za ujanani, sura zilezile walizozijua. Uso wa mtoto wa miaka 14 uliokua hadi 36 ni jambo jingine. Salma kutomjua Idi kwa uso kunakubalika. Wangeachana wakiwa watu wazima, ingekubidi utafute sababu nzito zaidi.

Mazingira nayo yana nguvu. Mwanasaikolojia George Mandler mwaka 1980 alitoa mfano uliopata umaarufu: unakutana na mwuza nyama wako ndani ya basi, una hakika unamjua, na hujui ni nani, kwa kuwa hayupo nyuma ya meza yake. Tumia hili kama chombo. Ukitaka kuchelewesha utambuzi, mweke mtu mahali ambapo anayemtafuta hakutazamia kumwona. Ukitaka kuuharakisha, mrudishe kwenye mkao wake wa zamani, mlangoni, gizani, usiku, hata kama umri umeubadilisha mwili.

Halafu kuna kosa. Mwanasaikolojia Frederic Bartlett, katika kazi yake ya mwaka 1932, alionyesha kwamba watu wanaosimulia upya hadithi waliyoisoma huigeuza kuelekea wanavyotarajia mambo yawe: wanaacha yasiyoeleweka, wanaongeza yanayounganisha. Mpe anayetambua kumbukumbu moja isiyo sahihi. Salma ana hakika kwamba mdogo wake aliungua mkono wa kushoto. Mpangaji ana alama ya moto mkono wa kulia. Kwa sura mbili za hadithi hilo linamtuliza: si yeye. Baadaye inabainika kwamba aliyekosea ni yeye, na msomaji anaanza kupima upya kila alichosimuliwa na Salma kuhusu usiku ule. Kosa moja linatosha. Ukiweka mawili au matatu, msomaji atadhani ni wewe uliyesahau ulichoandika.

Nani anajua, na tangu lini

Chora jedwali la safu tatu: msomaji, anayetambua, anayetambuliwa. Kila mstari ni onyesho moja la hadithi. Katika kila kisanduku andika "hajui", "anashuku" au "anajua". Ni kazi ya dakika ishirini na itakuokoa marekebisho ya wiki nzima. Ikiwa mistari mitano mfululizo inafanana, hadithi imesimama. Ikiwa anayetambua anaruka kutoka "hajui" hadi "anajua" bila "anashuku" katikati, utambuzi utaonekana umeshushwa kwa kamba.

Uamuzi mkubwa ni kama msomaji atangulie. Akitangulia, unapoteza mshangao na unapata taharuki na kinaya: kila neno la kawaida linabeba maana mbili. Mimi ningechagua hivyo mara nane kati ya kumi. Mshangao hufanya kazi mara moja. Kinaya hustahimili kusomwa tena.

Ila mtu anayejua na kunyamaza lazima anyamaze kwa sababu. Kisa cha Nabii Yusuf ndicho kipimo. Ndugu zake wanaingia kwake kutafuta chakula. Yeye anawajua, wao hawamjui, na msomaji anajua yote. Ukimya wake una kazi. Chombo cha mfalme kinafichwa kwenye mzigo wa ndugu mdogo, na kaka wanajikuta pale walipokuwa zamani: watamwacha mdogo au watamtetea? Wanaomba achukuliwe mmoja wao badala yake. Jibu la mtihani limepatikana. Hata wakati wa kujifunua, Yusuf haanzi na jina lake. Anawauliza kama wanajua walichomtendea Yusuf na nduguye, na wao ndio wanaolitamka jina. Kitendo kinatajwa kwanza, jina linafuata, na linatoka kinywani mwa mwenye deni. Ukichukua fundisho moja tu la ufundi kutoka kisa hicho, chukua hilo.

Jiulize basi: Idi ananyamaza wiki sita kwa nini? "Ili hadithi iendelee" si jibu. Labda anangoja kuona kama Salma atawahi kuusimulia usiku ule kwa ukweli pasipo kulazimishwa.

Kuipanda dalili

Kwa hadithi fupi ya maneno 3,000, itaje dalili mara ya kwanza ndani ya maneno 500 ya mwanzo, katika sentensi inayofanya kazi nyingine. Mfano: Salma analalamika kwamba mpangaji anaukwangua mlango kwa kuuvutavuta. Mara ya pili iwe karibu na neno la 1,400, kwa mlango mwingine wa hisia. Kwanza aliona, sasa anasikia. Onyesho lenyewe liangukie kati ya 2,000 na 2,300, na ubakishe angalau maneno 500 baada yake. Katika riwaya, dalili iingie ndani ya robo ya kwanza. Kuipanda mara mbili kunatosha. Mara ya nne msomaji atakuwa anakungoja wewe.

Kuhusu sadfa: inaruhusiwa kuanzisha matatizo, isitumike kuyamaliza. Idi kuipata nyumba ya dada yake kwa bahati kwenye ukurasa wa pili kutasameheka. Cheti chake cha kuzaliwa kuanguka mfukoni kwenye ukurasa wa mwisho hakutasameheka.

Kuliandika

Rasimu ya kwanza ya watu wengi hufanana na hii:

*Salma alimtazama mpangaji. Ghafla alikumbuka mdogo wake aliyetoroka miaka 22 iliyopita baada ya wezi kuingia nyumbani kwao. "Idi? Ni wewe?" aliuliza huku machozi yakimtiririka. "Ndiyo, dada, ni mimi."*

Neno "ghafla" limebeba mzigo ambao matukio yangeubeba. Maelezo ya miaka 22 yamewekwa kwa ajili ya msomaji, kwani Salma hana haja ya kujikumbusha. Jina limetangulia kila kitu. Na gharama haipo kabisa. Sasa hii:

*Salma alikuwa akihesabu sahani aliposikia anaingia. Kitasa. Kisha mlango ukavutwa, ukavutwa tena.*

*Aliiweka sahani chini. Alikuwa amefika ya nne, au ya tano.*

*"Hakuna wezi mtaa huu," alisema bila kugeuka.*

*"Najua, dada."*

*"Sasa unahakikisha nini?"*

*Hakujibu. Salma akaanza kuhesabu upya, moja, mbili, akaacha.*

*"Nilikuwa na njaa usiku ule," alisema. "Niliingia moja kwa moja jikoni."*

Mwili unajua kabla ya akili: hesabu inapotea. Swali lake ni mtihani, na ukimya ni jibu. Jina halikutajwa, na wala halihitajiki, kwa kuwa anasema jambo ambalo ni mwenye kosa peke yake angelisema, kwa mtu mmoja peke yake ambaye lingemhusu. Utambuzi na malipo vimekaa katika sentensi moja. Fuata mpangilio huo: mwili, kukwepa au kukisia vibaya, mtihani, gharama, na jina mwisho kama litahitajika.

Mbinu rejeshi, yaani kurudi nyuma kusimulia ya zamani, ndani ya onyesho lenyewe isizidi sentensi mbili. Kumbukumbu ndefu ya usiku wa wezi iwe imeshasimuliwa mapema. Utaniambia Homer anasimama yaya anapogusa kovu na kusimulia mawindo ya nguruwe mwitu kwa makumi ya mistari. Ndiyo, lakini wasikilizaji wake walikwisha jua ombaomba ni nani. Walichongoja ni yaya atafanya nini. Msomaji wako akiwa hajui, kusimama kwa kurasa mbili palepale kutamwonyesha mkono wako ukiificha karata.

Namna wanavyoitana

Kiswahili kinampa mwandishi zana nzuri hapa, na ajabu ni jinsi inavyotumika kidogo. Idi anaweza kumwita Salma "dada" tangu siku ya kwanza, kama mpangaji yeyote mwenye adabu, na hakuna atakayeshtuka. Anayesoma mara ya pili ndiye atakayelisikia neno hilo upya. Salma naye humwita mpangaji "kaka". Siku akishajua, neno hilo halimfai tena, maana huyu ni mdogo wake. Basi usiandike kwamba "sasa alijua". Andika kwamba alimwambia "wewe, chai inapoa", na badiliko limefika.

Zingatia pia msimulizi. Amua ni sentensi ipi "mpangaji" anageuka kuwa "Idi" katika usimulizi, na ukishageuza usirudi nyuma. Ukiigeuza kabla Salma hajajua, umehama mtazamo wake na kuingia wa msimulizi mjuzi wa yote. Si kosa, lakini liwe kusudi. Kiambishi cha nafsi ya tatu hakitaji jinsia, kwa hiyo unaweza kumficha mtu kwa kurasa nyingi bila hila. Hatari iko kwenye maneno ya udugu: "shangazi" au "mjomba" moja likiponyoka, msomaji amekwisha jua nusu ya siri.

Utambuzi usiotimia

Si lazima watambuane. Mzazi mwenye maradhi ya kusahau anayemtazama bintiye ni onyesho la utambuzi lililopinduliwa, na huandikwa vibaya kwa kulifanya tupu: hajui chochote. Kwa kawaida mambo ya karibuni hupotea mapema, na ya zamani hukaa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo baba anaweza kumwita binti kwa jina la dada yake mwenyewe wa utotoni, akamwonyesha mapenzi yaleyale, akamtuma kazi ya miaka hamsini iliyopita. Binti ndiye mwenye gharama: akubali kuwa mtu mwingine kwa saa moja, au amsahihishe na kumwogofya? Andika uamuzi huo.

Mhusika asiyejijua yeye mwenyewe ana shida yake, hasa akisimulia kwa nafsi ya kwanza. Anayesimulia kwa wakati uliopita anajua mwisho; akimficha msomaji lazima kuwe na sababu anayoijua yeye: aibu, kesi, mtu anayemwandikia. Bila sababu hiyo, badili uwe wakati uliopo, au mpe msimulizi mwingine.

Kuipima rasimu

Futa jina la anayetambuliwa katika onyesho zima. Likieleweka bado, liache hivyo au ulirudishe mara moja tu, mwishoni. Kisha futa dalili yenyewe; ikiwa utambuzi bado unaendelea kwa sababu wahusika wanaambiana, dalili ilikuwa pambo, rudi kwenye sentensi ya gharama. Soma mazungumzo peke yake kwa sauti. Kila mstari ambao mmoja anamweleza mwenzake jambo ambalo wote wawili wanalijua, ukate.

Mwisho mpe mtu mmoja asiyeijua hadithi, umwombe aweke alama ya kalamu mahali alipoanza kushuku na nyingine mahali alipokuwa na hakika. Usimwulize kama ameipenda. Alama ya kwanza ikiwa kabla ya katikati na ulikuwa unategemea mshangao, usiongeze vificho. Andika upya ukimwambia msomaji ukweli mapema, na uache Salma abaki nyuma yake. Alama zote mbili zikiwa kwenye mstari mmoja, hakupata nafasi ya kushuku, na dalili yako ya pili haikuonekana; irudie kwa hisia nyingine, karibu zaidi na onyesho.